Morisi Iliyosimama Penye Sagaa

Uniapie kwanza.

Weka hicho kikombe chini, uniangalie machoni, useme: haya nitakayoyasikia yataishia hapa. Sema tena. Haya. Mimi nami nilimwapia Wacera hivyo hivyo, mkono juu ya Biblia yake ya zipu, kwamba sitafungua mdomo kuhusu mumewe na gari ya Mwalimu. Nimevumilia siku tisa. Siku tisa, mimi huyu, niliyetangaza mimba ya binti wa mzee wa kanisa kabla uji wa asubuhi haujachemka. Lakini hii imenikwama kooni. Nikiikumbuka ile harufu, maziwa hayanipiti. Kwa hivyo sikiza, na ukiulizwa, hukusikia kwangu.

Gikonyo, mumewe Wacera, unamjua. Fundi mrefu wa mtaa wa Huruma, nyuma ya posho mill, yule anayeongea na injini kuliko anavyoongea na bibi yake. Mwaka jana mwezi wa nne alibadilisha breki za Morisi, ile gari ya kizamani ya Mwalimu Kipyego, yule mwalimu mstaafu wa upande wa Kesses. Zilikuwa breki za zamani, za drami. Siku tatu baadaye Morisi ikateremka ule mteremko wa mto, mvua ikinyesha, ikaingia mtaroni. Jerop, mke wa Mwalimu, akafia kwenye kiti chake, kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kulala, kimepasukia mapajani.

"Breki zilikataa," Mwalimu aliwaambia polisi.

Maneno mawili tu. Gikonyo aliyabeba mwaka mzima.

Hakuna aliyemshtaki. Mwalimu mwenyewe alimshika bega kule matangani akamwambia, si wewe fundi, ni chuma. Lakini tangu siku hiyo Gikonyo aliacha kula kwa mkono. Wacera aliniambia, na machozi yakimtoka: mtu mzima anakula ugali na kijiko, kwa sababu hataki kuitazama ile mikono ikija mdomoni. Usiku anaiweka juu ya blanketi, anauliza gizani, "Ni hii ilimuua ama si hii?"

Hilo ndilo swali lililokuwa likimla. Hakuwa na lingine.

Mwaka ukaisha, ikafika wakati wa ibada ya kumkumbuka Jerop na kusimamisha msalaba kaburini. Ilipangwa Jumamosi. Mwalimu akasema ataenda na Morisi, hataki gari nyingine. Binti yake Jemutai, yule mwenye stoo ya mahindi Moi's Bridge, alikataa kabisa. Mwishowe akalegea kidogo, akampigia Gikonyo simu.

"Fundi, nakupea mpaka Jumamosi. Ikisimama vizuri, baba aende nayo. Ikileta kisirani hata mara moja, naikata naiuza chuma chakavu. Sitazika wazazi wawili na gari moja."

"Nitaitoa drami, niweke diski," Gikonyo akamjibu. Na akamwambia Wacera usiku huo, "Nikikosea hizi, naweka spana chini. Sitagusa tena gari ya mtu."

Basi akaanza. Diski na zile koleo zake za kubana alizitoa kwa gari ndogo iliyogongwa nyuma. Wamalwa, mchomelea vyuma wa hapo kando, akamtengenezea vishikizo. Lakini masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, Gikonyo aliiacha ya zamani. Kwenye Morisi imejificha chini ya sakafu ya dereva. Unainua kapeti, unatoa kibati, unaingiza mkono kama anayezalisha ng'ombe. Ilikuwa nzima. Na unajua gereji zetu. Kitu kizima hakitupwi.

Jumatatu jioni, kazi zikiwa zimeisha, Gikonyo akasema waijaribu. Mwalimu alikuwepo, alikuwa haondoki hapo siku hizo. Akaingia nyuma.

"Kaa mbele Mwalimu, magoti yataumia."

"Hapo ni pa mwenyewe," Mwalimu akasema, akafunga mlango polepole.

Wakashika barabara ya Kesses. Jua lilikuwa limeingia, baridi inapanda kutoka mashambani, ukungu umeanza kulala juu ya mabua. Gari ilienda vizuri. Alipokanyaga ilishika, alipoachilia iliachilia. Gikonyo akaanza kupiga mluzi, kitu ambacho hakufanya tangu mwaka jana.

Wakafika ule mteremko wa mto.

Katikati yake kuna kibanda cha fito. Mama mmoja huuza hapo mboga, sagaa na managu, lakini jioni anakuwa ameenda nyumbani, kinabaki kitupu. Hatua mia mbili mbele yake, ndipo Jerop alipofia.

Gari ikaanza kuwa nzito.

Gikonyo akaongeza mafuta. Ikawa nzito zaidi. Mguu wake haukuwa kwenye breki, aliuangalia mwenyewe. Injini ikanguruma, magurudumu yakalia... ikasimama.

Kando ya kibanda kabisa.

Kimya. Chuma kikilia tik... tik... tik, kikipoa. Harufu ya pedi zilizoungua ikaingia dirishani, kali ya kuchoma pua. Na chini ya hiyo, polepole, harufu nyingine. Maziwa yaliyolala. Mkaa wa mti wa senetwet, ule wa kusugulia kibuyu.

"Unasikia?" Mwalimu akanong'ona kutoka nyuma.

"Ni pedi, Mwalimu. Zimeungua."

"Si hizo."

Gikonyo hakugeuka. Baada ya dakika kumi hivi gari ikajiachilia yenyewe, ikabingirika hatua moja. Akaigeuza, wakarudi.

Jumanne asubuhi alifungua kila kitu. Wamalwa alikuwa amesimama juu yake na kikombe cha chai, akimchokoza. "Fundi, hiyo gari haitaki spana, inataka mchungaji. Ama mganga. Namjua mmoja, lakini bei yake ni mbuzi mweusi, na weusi wewe unao tayari."

"Nyamaza, nipee tochi."

Akaipata hitilafu. Ndani ya ile pampu ya zamani kuna valvu ndogo ya mpira. Kazi yake ni kushikilia presha kidogo, kwa sababu breki za drami zinaipenda. Diski haziipendi. Ile presha ilikuwa inabana pedi bila mtu kukanyaga, zinasugua, zinapata moto, moto unaongeza presha, mpaka gari inajifunga. Gikonyo akaitoa ile valvu, akaishika kwenye kiganja. Kitu kidogo kama punje ya mahindi. Akacheka peke yake. Kumbe ni hii.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye gurudumu kuukuu, anamtazama. Hakucheka. Aliuliza maswali mengi siku hiyo, kama mwanafunzi. Na huo mti wa chuma unaounganisha pedali na pampu ni wa nini? Ukiwa mrefu sana? Gikonyo, kwa furaha, akamwelezea yote. Ukiwa mrefu, pampu hairudi mpaka mwisho, mafuta yakipata moto hayana pa kurudi, breki inajifunga vile vile. Nati ni hii. Spana ni namba kumi na moja.

Jumanne jioni wakaenda tena.

Ikasimama penye sagaa.

Jumatano asubuhi Gikonyo akakuta ule mti umerefuka. Nati imezunguka mara mbili. Akajilaumu, akasema ni mimi, sikukaza. Akaufupisha, akaikaza mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Jumatano jioni wakaenda.

Ikasimama penye sagaa. Maziwa na mkaa. Na nyuma, Mwalimu akilia kimya kimya kama mtoto aliyeambiwa asilie.

Sasa Huruma ikaanza kusema. Sitakuficha, mimi nilisaidia kidogo. Wengine walisema Jerop anataka mwenziwe. Wengine, kwamba Gikonyo alizika kitu kwenye hiyo gari. Mteja mmoja akaja kuchukua lori yake ikiwa bado imefunguliwa, akaivuta kwa kamba. Jemutai akapiga simu, akasema maneno machache tu, "Jumamosi, fundi. Nimeshaongea na mnunuzi wa chuma."

Alhamisi Gikonyo akafanya ujanja wa mafundi. Alichukua kutex nyekundu ya Wacera, ile rangi ya kucha, akapaka mstari mmoja kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Mtu akiizungusha kwa unywele mmoja, mstari unakatika. Akangoja ikauke. Siku hiyo Mwalimu hakuwepo, alikuwa amechukuliwa na Jemutai asubuhi kwenda Moi's Bridge kupimwa suti ya ibada, akalala huko huko. Gikonyo akafunga gereji, na saa kumi na mbili akaenda peke yake.

Njiani alisimamisha gari mara tatu, akashuka, akashika magurudumu. Baridi. Hakuna pedi iliyokuwa inasugua. Hakuna harufu. Akajiambia, leo imepona.

Mteremko.

Kibanda.

Gari ikasimama.

Haikuwa nzito kwanza. Haikulia. Ilisimama taratibu, vizuri, kama inavyosimamishwa na mtu anayejua kuendesha. Gikonyo alishuka, akagusa gurudumu la mbele. Baridi kama jiwe la mtoni. Akarudi, akainua kapeti, akamulika. Mstari mwekundu ulikuwa mzima.

Akashusha tochi kidogo.

Pedali ya breki ilikuwa imelala chini, mpaka kwenye sakafu. Imekanyagwa. Na hakukuwa na mguu.

Kiti cha abiria kikalia springi, kama kinavyolia mtu akigeuka kukuangalia. Harufu ikajaa gari yote. Na karibu na sikio lake, sauti ya mwanamke, ya mtu aliyechoka kusema jambo moja:

"Simama hapa, Joseph."

Joseph si Gikonyo. Joseph ni jina la Mwalimu la ubatizo.

Alirudi kwa miguu. Kilomita zote hizo. Wacera alimfungulia mlango akamkuta amenyoosha mikono mbele yake, kama mtu anayepeana kitu.

"Sijui kama ni hii," akamwambia. "Lakini yeye anajua, na hanijibu mimi. Anamwita mwingine."

Ijumaa Wamalwa ndiye aliyeenda kuivuta Morisi, na siku hiyo hakuchokoza mtu. Wakaisukuma gerejini, wakaifunika turubai. Gikonyo akatoa betri, akaiweka kwenye benchi ya Wamalwa ichajiwe, hata taa isiwake. Kisha, Jumamosi alfajiri, akafanya jambo la mwisho. Alikagua ule mstari, akapaka mwingine juu yake, mnene, wa rangi mbichi. Chupa yote. Sijui alishuku nini. Nafikiri alikuwa anakumbuka yale maswali ya Jumanne.

Jumamosi asubuhi tulikuwa wengi. Akina mama wa kanisa na leso zao, mchungaji, majirani, wateja waliokuja kuona mwisho wa fundi, na mimi na birika langu la chai, kwa sababu umbea pia unahitaji kifungua kinywa. Jemutai alifika amevaa nyeusi, na nyuma yake lori ya mnunuzi wa chuma.

"Baba yuko wapi?" akauliza. "Nilimshukisha hapa nusu saa iliyopita. Alisema anaiaga gari."

Tukaangaliana.

Chini ya turubai kitu kikagonga chuma. Tik.

Akina mama wakarudi nyuma hatua moja wote pamoja. Mchungaji akafungua Biblia mahali popote tu. Tik. Tik. Wamalwa akashika pembe moja ya turubai, Gikonyo nyingine, wakavuta.

Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Mwalimu Kipyego, katika suti yake mpya, alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu, mkono umeingia shimoni mpaka begani. Alipoutoa, spana namba kumi na moja ilikuwa kiganjani. Vidole vyote vitano vilikuwa vyekundu, kutex ikidondokea kwenye shati jeupe.

Nikalikumbatia birika langu.

"Baba," Jemutai akasema. "Ni wewe?"

Mzee alijaribu kujifuta, akajipaka zaidi.

"Jumatatu ilisimama yenyewe," akasema, kwa sauti ya chini sana, tukalazimika kusogea. "Akaja. Nyinyi wote hamjui. Mwaka mzima sijasikia hata harufu yake, nguo zake mlizigawa, kitanda mlikitoa. Akaja. Halafu fundi akaitengeneza. Nikaona hatakuja tena. Nikaizungusha mimi. Jumanne, na Jumatano. Na leo, kwa sababu mnaikata, nilitaka mara moja tu tena."

"Mwalimu," Gikonyo akasema. "Alhamisi je?"

"Alhamisi nilikuwa kwa Jemutai."

"Alikuwa kwangu," Jemutai akasema.

Gikonyo akapiga magoti kwenye lile vumbi la mafuta, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mzee. "Mwalimu, aliniambia simama hapa. Alikuita Joseph. Kwa nini usimame hapo? Ajali ilikuwa chini."

Mzee akafumba macho. Nilifikiri amezimia. Kisha akaanza kuongea, na akaongea kama mtu anayetapika.

"Tulikuwa tumegombana. Kitu cha bure, chumvi kwenye mboga. Tukafika hapo akaniambia, simama hapa Joseph, nichukue sagaa. Sikutaka kusimama. Nilitaka aone. Nikaongeza mafuta. Akasema tena, simama, kuna utelezi. Nikaongeza tena. Ng'ombe wakatoka kwa mto..." Akafungua macho, akamtazama Gikonyo. "Breki zako zilikuwa nzima, fundi. Nilichelewa kuzikanyaga. Nilichelewa kwa makusudi. Polisi waliponiuliza, watoto wangu walikuwa wamesimama hapo, na mdomo ukasema breki."

Gikonyo akaitazama mikono yake. Akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Mwaka mzima, mwenzangu. Mwaka mzima na kijiko.

Hakumpiga. Hakumtukana. Alimshika mzee makwapani, akamtoa kwenye sakafu, akamsimamisha nje ya gari, na wote wawili wakabaki hivyo, wameshikana, mmoja amejaa rangi nyekundu na mwingine grisi. Jemutai alikuwa amejifunika uso kwa leso. Nikaona mnunuzi wa chuma anarudi kwa lori yake polepole. Nikasema moyoni, basi, mchawi ameshikwa, mkono wake ndio huo, turudi nyumbani.

Ndipo wale mama waliosimama nyuma ya gari wakapiga kelele moja.

Nikawaangalia. Nyuso zao zilikuwa nyekundu. Leso zao nyeupe zilikuwa nyekundu. Taa ya breki ya Morisi ilikuwa inawaka, ile ndogo ya mviringo, inawaka kabisa.

Betri ilikuwa juu ya benchi ya Wamalwa. Niliiona kwa macho haya.

Tukageuka wote, mchungaji, Wamalwa, Jemutai, mimi na birika langu, tukaangalia ndani kupitia ule mlango uliokuwa wazi. Hakukuwa na mtu. Pedali ya breki ilikuwa inashuka. Polepole... polepole... mpaka ikagusa sakafu. Ikakaa hapo. Kiti cha abiria kikalia springi. Na asubuhi ile, katikati ya gereji ya mafuta machafu, sisi sote tukasikia harufu ya maziwa na mkaa.

Mwalimu akajitoa mikononi mwa Gikonyo.

"Nimesimama, Jerop," akasema. "Angalia. Nimesimama."

Pedali haikupanda; aliyeikanyaga hakumwachilia.